Kijani cha Nyuma ya Shuka

Kila mtaa una mtu wake wa kusifiwa, na mtaa ule ulikuwa na dobi. Nguo ikikushinda, unampelekea yeye. Mafuta ya baiskeli, wino, chai iliyolala kwenye kitambaa cha meza, vyote vilisalimu amri mbele ya mikono yake. Watu walimwita Mama Mng'aro. Yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alianza kazi kabla jua halijapanda vizuri. Aliloweka, akafikicha, akasuuza, akakamua. Kisha alianika kwenye kamba. Kamba ya kwanza ilipita katikati ya ua, penye jua, juu ya sakafu ya saruji. Kamba ya pili ilipita nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, kivulini. Hiyo ya pili aliitumia pale tu kazi ilipozidi.

Nyumba ilikuwa na watu watatu: dobi, mume wake na mama mkwe wake. Watoto walikuwa wakubwa, wana kwao. Mume alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo na makarai. Alitengeneza pia magata, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua pembeni mwa paa. Nusu ya mtaa walikuwa na magata yake. Paa la nyumba yake mwenyewe halikuwa na gata hata kipande.

"Wiki ijayo," alisema kila mke wake alipomkumbusha.

"Hiyo wiki ijayo yako imeshaota mvi," mke wake alimjibu.

Basi, mtu msafi kama huyo alikuwa na aibu moja aliyoificha. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta mrefu na tangi la maji, palikuwa na kona isiyopata jua. Udongo wake ulikuwa na unyevu karibu mwaka mzima. Hapo paliota kitu cha kijani. Hakikuwa nyasi wala magugu. Kilikuwa bapa, kimelala juu ya udongo na mawe kama viraka vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine. Hakuna mtu aliyekipanda. Dobi alikiita uchafu. Siku akiwa na hasira alikiita ukoga.

Aliogopa sana wateja wakione. Alijua watakavyosema. Watasema, kumbe nguo zetu zinafuliwa kwenye uvundo! Kwa hiyo alitundika shuka kuukuu mbele ya kona ile. Jua likiwaka, shuka lipo. Mvua ikinyesha, shuka lipo.

"Shuka hili la nani?" mteja mmoja aliwahi kuuliza. "Kila nikija nalikuta."

"La mtu mmoja. Amesafiri."

"Safari gani hiyo isiyo na kurudi?"

Dobi alicheka, lakini masikio yalimwaka moto kwa aibu.

Mtu mmoja tu hakuionea haya kona ile, naye ni mama mkwe. Alikuwa mzee, na mikono yake ilitetemeka. Kila asubuhi alichukua kigoda chake, akapita nyuma ya shuka, akakaa kivulini. Maji aliyobakiza kwenye kikombe aliyamimina juu ya vile viraka vya kijani. Wakati mwingine aliinama akavigusa kwa kidole.

"Mama, utachafuka huko," dobi alimwambia.

"Pana ubaridi mzuri, mwanangu. Niache nipumzike."

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa tofauti. Mama mkwe akishika kikombe, chai ilimwagika. Dobi hakumgombeza. Lakini kabla tone halijatulia kwenye kitambaa cha meza, alikuwa ameshafika na kitambaa cha kufutia. Alifuta upesi, bila kusema kitu. Mzee alirudisha mikono yake magotini na kuitazama.

Siku moja jirani yao, mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari, alimletea dobi mzigo mkubwa. Yalikuwa makoti meupe ya maabara, yanayovaliwa na wanafunzi wakifanya majaribio. Wanafunzi walimpa mwalimu huyo jina la Mwalimu Kwa Nini, maana hapiti jambo bila kuliuliza hivyo.

"Nitakuja kuyachukua mwenyewe," alisema. "Nataka kuona unavyoyafanya yawe meupe hivi. Kwa nini mimi nikifua yanakuwa rangi ya maziwa yaliyoharibika?"

Dobi alicheka naye mpaka getini. Alipogeuka, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwalimu huyu si wa kudanganywa kwa shuka la msafiri. Atalifunua. Ataingia. Na akitoka, mtaa mzima utajua.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kumtembelea binti yake siku hiyo. Dobi aliona ndiyo nafasi. Alichukua dawa ya klorini aliyokuwa akiitumia kung'arisha nguo nyeupe. Hakuipunguza makali kwa maji. Aliimwaga yote kwenye kona ile, juu ya udongo, juu ya mawe, mpaka chini ya ukuta.

"Doa ni doa," alijisemea. "Liwe kwenye shati, liwe ardhini."

Kile kijani kilififia, kikawa cheupe kama karatasi iliyonyeshewa. Kilipolegea, alikikwangua kwa jembe, akakizoa. Udongo ukabaki mtupu. Akafagia. Akalitungua shuka, akalikunja, akaliweka kabatini. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Mama mkwe aliporudi, alichukua kigoda chake kama kawaida. Alifika nyuma ya nyumba akasimama.

"Pamekuwa peupe," alisema.

"Nimepasafisha, mama."

"Naona."

Hakukaa. Alirudi na kigoda mkononi. Dobi alihisi kitu kidogo kikimchoma moyoni. Hakukisikiliza. Alikuwa na makoti ya kufua.

Makoti yalitoka meupe kweli kweli. Kamba ya jua ikajaa. Yaliyobaki aliyaanika kwenye kamba ya nyuma, karibu na ile kona yake mpya. Kisha akajitwika nguo zilizopigwa pasi, akazipeleka kwa mteja mwisho wa mtaa.

Mvua ilimkuta huko. Ilikuwa mvua ya ghafla, nzito. Alisimama barazani kwa mteja akitazama maji, akijifariji kwamba koti safi likinyeshewa na maji safi halina hasara. Mvua ilipokatika, alirudi mbio.

Makoti ya kamba ya jua yalikuwa yamelowa tu. Yale ya kamba ya nyuma yalikuwa na madoa ya tope. Madoa ya kahawia, mengi, yamejaa kwenye pindo za chini za kila koti.

Na pale pale, kwenye bomba la tangi, alisimama mama mkwe. Kandambili zake zilikuwa na tope. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko.

"Mama! Umefanya nini?"

"Mimi?"

"Makoti ya watu, mama! Tazama! Umeyashikashika na mikono hiyo!"

"Sijayagusa, mwanangu. Mimi nilikuwa tu hapa na..."

"Na hilo tope la mikononi limetoka wapi?"

Mzee aliitazama mikono yake. Aliificha nyuma ya mgongo, kama mtoto.

Hapo dobi angenyamaza. Lakini alikuwa amechoka, amelowa, na ameona jina lake zima likining'inia kwenye kamba ile na madoa yake.

"Tangu uje hapa nafua mara mbili," alisema. "Nafua ya watu, halafu nafua ya kwako. Wewe ni mchafu, mama!"

Neno lilitoka. Alitamani kulimeza, lakini lilikuwa limeshafika. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa zana. Alikuwa amelisikia. Hakumtetea mama yake wala hakumnyamazisha mke wake. Aliinamisha kichwa akaingia ndani.

Asubuhi yake mama mkwe aliomba aletewe mkoba wake.

"Nakwenda kwa binti yangu," alisema kwa upole. "Nitakaa kidogo."

Mume alimbebea mkoba. Dobi alibaki kwenye beseni, akifikicha pindo za makoti, na hakuinua uso. Alisema "kwaheri, mama" kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Mwalimu Kwa Nini alifika wakati makoti bado yako kwenye maji.

"Mwalimu, nisamehe," dobi alisema. "Kazi yako haijaisha. Mama mkwe wangu aliyapaka tope. Ni mzee, mikono yake... unajua tena wazee."

Alipokuwa akisema hivyo aliona haya. Kumsema mama wa mumewe mbele ya mtu wa nje! Lakini aliona haya zaidi kuonekana dobi mbaya.

Mwalimu aliinua koti moja ambalo lilikuwa halijaingia majini. Akalinyoosha.

"Kwa nini madoa yako kwenye pindo tu, mabegani hamna?"

"Labda kwa sababu... mama ni mfupi," dobi alijibu.

"Hata akiwa mfupi namna gani, mabega anayafikia. Haya, na kwa nini madoa ni vitone vitone? Mkono hauachi vitone. Mkono unapaka." Alichukua koti la pili, akaliweka juu ya la kwanza. "Kwa nini yamefika kimo kile kile kwenye makoti yote? Uliyaanika wapi haya?"

Dobi alimpeleka nyuma. Mwalimu alitazama juu kwenye ukingo wa paa, akatazama chini kwenye udongo. Chini ya ukingo palikuwa na mstari wa vishimo vidogo, kimoja baada ya kingine, vilivyochimbwa na maji.

"Mkwe wako ni huyu hapa," alisema akionyesha vishimo. "Maji yanatoka juu ya paa kwa nguvu. Yanapiga udongo mtupu. Udongo unaruka kwenye nguo. Kwani nyumba ya fundi bati haina gata?"

"Ni la wiki ijayo," dobi alisema kwa unyonge. Kisha akakumbuka. "Lakini mwalimu, mvua imenyesha miaka yote. Kamba hii nimeitumia miaka yote. Mbona sijawahi kupata tope?"

"Ndilo swali! Kwa nini? Hapa chini palikuwa na nini zamani?"

Kile alichokificha nyuma ya shuka miaka yote, sasa ilibidi akiseme kwa mdomo wake.

"Palikuwa na uchafu," alisema. "Kitu cha kijani, bapa, kimetambaa kila mahali. Nilikiua kwa klorini. Niliona haya ukione."

"Lo!" Mwalimu alishika kiuno. "Kimebaki hata kipande?"

"Hakijabaki."

Lakini mwalimu hakuwa mtu wa kukubali jibu la kwanza. Alizunguka tangi, akachungulia nyuma yake. Akaita.

"Na hiki ni nini?"

Lilikuwa karai bovu, moja ya kazi za zamani za mume wake. Lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha gunia. Mwalimu alilifunua. Ndani mlikuwa na udongo uliolowa, na juu ya udongo vipande vya kijani vimepangwa vizuri na kubanwa taratibu. Vilikuwa vile vilivyoponea kwenye nyufa za mawe, ambamo klorini haikufika. Alama za vidole zilikuwa bado kwenye udongo. Hazikuwa zimenyooka. Vidole vilivyozitia vilikuwa vinatetemeka.

Dobi alizijua alama zile. Sasa alijua tope la mikononi lilitoka wapi.

Aliketi juu ya jiwe, na maneno aliyoyasema pale bombani yakamrudia moja moja, kwa sauti yake mwenyewe. Alimwona tena mzee akificha mikono nyuma ya mgongo. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na beseni lake na jina lake la Mama Mng'aro.

"Mbona unalia? Makoti yatafulika," mwalimu alisema.

"Si makoti, mwalimu."

Kwa mara ya kwanza mwalimu hakuuliza kwa nini. Alisubiri. Dobi alipojifuta machozi, ndipo akasema, "Nipe kikombe cha maji na kitambaa cheupe. Nataka uone mwenyewe."

Alikitandaza kitambaa kando ya udongo mtupu. Akainua kikombe juu ya kichwa chake, akaacha maji yadondokee udongo kidogo kidogo. Dobi alitazama. Kitambaa kilijaa vitone vya kahawia. Mwalimu alikigeuza upande msafi, akakiweka kando ya karai. Akadondosha tena, safari hii juu ya kijani. Kitambaa kililowa, lakini kilibaki cheupe.

Dobi alikuwa amesoma vitambaa maisha yake yote. Hiki hakikuhitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo kilikuwa kinanilindia nguo zangu," alisema polepole. "Nami nikakimwagia sumu."

"Kilikuwa kimeufunika udongo, tone haliwezi kuurusha. Wala maji hayawezi kuukokota. Sasa njoo uonane nacho vizuri." Mwalimu alitoa lenzi mfukoni, kioo kile cha kukuza vitu vidogo. "Isogeze karibu na jicho. Halafu inama mpaka uone."

Dobi aliinama juu ya karai. Mwanzoni aliona ukungu wa kijani tu. Kisha akaona.

"Kuna vikombe!" alisema. "Vikombe vidogo sana! Na ndani mna punje, kama zimetiwa kwa mkono."

"Tone la mvua likiangukia kwenye kikombe, punje zile zinaruka nje. Zinaanguka kando kidogo, na kila moja inaota. Si mbegu hizo, ni vipande vya mmea wenyewe. Mimea hii haitoi maua wala mbegu."

"Basi ni mmea? Si ukungu?"

"Ni mmea kama mchicha ulivyo mmea. Ukungu unaouona kwenye nguo zilizokunjwa mbichi ni kitu kingine kabisa. Huo ukiupangusa unabaki kama vumbi kidoleni. Mmea huu hauoti kwenye nguo, wala haukuletei ugonjwa."

"Na mizizi yake? Si inakula ukuta?"

"Haina mizizi ya kweli. Ina vinyweleo tu vya kujishikia. Maji inayanywa kwa mwili mzima. Ndiyo maana klorini iliimaliza upesi namna ile."

Dobi alifumba macho kidogo.

"Inaitwaje?"

"Sisi shuleni tunaiita majani-ini. Watu wa zamani waliona umbo lake linafanana na ini. Wengine wakadhani basi hutibu ini. Usije ukaichemsha! Kufanana si kutibu. Na usidhani iko aina moja tu. Pale ukutani kulikuwa na vinyoya vya kijani?"

"Vilikuwepo."

"Hivyo ni kuvumwani, jamaa zake. Ukivitazama kwa lenzi, kila kimoja ni kama mti mdogo, majani yamezunguka shina. Na kuna majani-ini mengine yenye vijani vidogo vidogo, safu moja kushoto, safu moja kulia, yamelala bapa kama yamepigwa pasi. Wewe utayatambua kuliko wanafunzi wangu."

Dobi alitabasamu kidogo, japo macho yalikuwa bado mekundu.

"Nani aliyaleta hapa?"

"Hakuna. Ni ya asili ya hapa hapa. Yalikuwepo kabla ya nyumba hii, na pengine kabla ya mtaa. Yanataka kivuli, unyevu, na mtu wa kuyaacha." Mwalimu alisimama, magoti yakamlia. "Ila njia ya kupita uisugue kwa brashi ngumu na mchanga. Hapo yakilowa yanateleza, mtu atavunjika nyonga bure. Kona iache. Maji ya sabuni usimwage huko. Na huyo fundi wako mwambie mwalimu anauliza kwa nini hakuna gata."

Mume alipofika nyumbani, dobi alimweleza yote pale pale uani. Alimwonyesha karai. Fundi bati aliugusa ukingo wake.

"Hili nililitupa," alisema. "Lilikuwa linavuja."

"Mama aliliokota."

Fundi aliketi kando ya karai. "Mimi ndiye niliyembebea mkoba," alisema mwishowe. "Nilijua mama yangu hawezi kugusa nguo ya mtu. Nilijua, nikanyamaza. Na gata lingekuwepo, lisingetokea lolote."

"Neno lile nililisema mimi."

"Nami nikaingia ndani."

Wote wawili walikuwa na aibu, na hakuna aliyeweza kumpunguzia mwenzake. Kesho yake fundi hakwenda kazini. Alipanda juu ya paa la nyumba yake na bati, na ile wiki ijayo ikafika.

Dobi alikwenda peke yake kwa wifi yake. Ndani ya basi alilipakata karai magotini njia nzima. Alikuwa amepanga maneno. Wifi alipofungua mlango na kumtazama bila kumkaribisha, maneno yote yalipotea.

"Nimekuja kwa mama," alisema.

"Umekuja kumfulia?" wifi aliuliza.

Alistahili, na alijua anastahili. Alisimama pale pale kizingitini na kichwa chini mpaka sauti ikatoka ndani.

"Mwache apite."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, mikono magotini. Dobi aliweka karai sakafuni, akapiga magoti kando yake.

"Mama, hukugusa makoti. Ni mvua iliyorusha tope, kwa sababu niliua kile kijani. Nilikusingizia. Tena nikakusingizia kwa mwalimu. Na neno lile... mama, nisamehe."

Mzee alimtazama.

"Ungeniambia nimeharibu makoti, ningekubali kugombezwa," alisema. "Mzee huharibu vitu. Lakini hukuniambia nimekosa. Uliniambia mimi ni mchafu."

"Ndiyo, mama."

"Unajua kwa nini nilipenda kukaa kule nyuma?"

"Ulisema kuna ubaridi."

"Nilisema hivyo. Mwanangu, nyumba yako ni nyeupe sana. Nikishika kikombe naogopa. Nikikaa kwenye kiti naogopa. Kule nyuma ndipo mahali pekee nilipoweza kuweka mkono bila kuogopa kutia doa."

Dobi aliweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Alikumbuka kitambaa chake cha kufutia, alivyokuwa akifika nacho mbio mbio, na alivyojisifu moyoni kwamba hajawahi kumgombeza. Aibu ya neno lile alikuja nayo tangu nyumbani. Hii nyingine hakuijua mpaka dakika ile, na ilikuwa kubwa zaidi.

"Sirudi leo," mama mkwe alisema. Aliinama, akavisogeza vipande vya kijani kwa kidole kinachotetemeka. "Lakini hivi virudishe. Usivifukie, vitakufa. Vibandike juu ya udongo kama unavyobandika kiraka, uvibane kidogo. Uvimwagie maji kwa mkono, si kwa ndoo."

"Nitafanya, mama."

Alifanya kama alivyoambiwa. Alipiga magoti kivulini akabandika kipande kimoja kimoja. Kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mtu yeyote, alivinyunyizia maji. Njia ya kupita aliisugua kwa mchanga. Kamba ya nyuma aliihamishia mbele. Gata lilikinga maji na kuyapeleka kwenye tangi, na vishimo chini ya paa vikafutika.

Kijani hakikuwa na haraka. Kilikaa kama kimenuna. Kisha, mvua za msimu zilipotulia, vipande vilianza kukutana. Mwalimu alipita na lenzi yake, akasema vimeota hata miavuli, na kweli vilikuwa vimesimamisha vijiti vyembamba vyenye vichwa kama miavuli midogo. Wateja nao waliiona kona. Shuka la msafiri halikuwepo tena.

"Hiki nini?" waliuliza.

"Majani-ini," dobi alijibu. "Njoo nikuonyeshe vikombe vyake." Wengine walikuja. Wengine walikunja pua, na masikio ya dobi yaliwaka kidogo kama zamani, lakini hakulitafuta shuka.

Siku mama mkwe aliporudi, alirudi bila taarifa. Dobi alikuwa anasuuza, akasikia fimbo ya mzee getini. Mume alikuwa amebeba mkoba, safari hii kwa kuurudisha.

Mzee alipita moja kwa moja nyuma. Aliinama, akatazama sana. Kigoda chake kilikuwa pale pale, kimewekwa tayari tangu zamani. Alikaa. Dobi alimletea chai, akampa mkononi, na chai ikamwagika, nusu juu ya sahani, nusu juu ya gauni la dobi.

Dobi hakuinuka kutafuta kitambaa. Aliketi chini kando ya kigoda, juu ya jiwe bichi, na gauni lake jeupe.

"Utachafuka," mama mkwe alisema.

"Pana ubaridi mzuri, mama. Niache nipumzike."

Alipoinuka, gauni lilikuwa na doa la chai mbele na doa la kijani nyuma. La chai lilitoka alipolifua. La kijani halikutoka lote, na gauni lile aliendelea kulivaa.